Kifungu cha Tatu

Kituo cha Juu, Hifadhini
3 Februari

Mwanangu,

Mimi mzima, ila magoti yameanza kuzeeka kabla yangu. Lori la vifaa limefika leo na barua yako, betri za redio, na gunia la mchele lililotoboka. Dereva, yule Polepole, anasema lilitoboka lenyewe. Nimemwambia magunia ya siku hizi yana akili sana.

Sasa nisikilize. Wiki iliyopita walikuja watu watatu wenye buti mpya na vyombo ndani ya masanduku ya bati. Kibali chao kimeandikwa "utafiti wa maji." Nikawapeleka mwenyewe hadi kwenye chemchemi, na unanijua, kuonyesha kule sihitaji kubembelezwa. Asubuhi hiyo korongo walikuwa wametua kwenye matete, wengi hata maji hayaonekani. Niliwahesabu mpaka mia nne, wakaruka wote kwa pamoja, nikabaki mdomo wazi kama mgeni. Miaka ishirini na sita niko hapa, na bado nashangaa! Wale watafiti hata vichwa hawakuinua. Walikuwa wanagongagonga ardhi. Nikamuuliza mwanamke mmoja kati yao, "Mbona maji mnayatafuta chini na yako hapa juu?" Akacheka kwa aibu, akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, sisi hatutafuti maji."

Jana redio ikanimalizia. Kuna mswada unaandaliwa wa kuruhusu kuchimba mafuta na gesi ndani ya hifadhi.

Wewe uko kwenye ofisi hizo hizo zinazoandika sheria. Niambie ni nani anauandika. Sina haja ya kumtukana. Nataka kumwandikia barua ya adabu nimweleze huku kuna nini, ili asitegemee kusimuliwa na watu wa buti mpya.

Kula vizuri, na ukilala zima simu.

Shangazi yako


DOKEZO
Kwa: Mwandishi Mkuu wa Sheria
Kutoka: Mwandishi, chumba namba 14
10 Februari

Mama, mswada wa kurekebisha Sheria ya Hifadhi uliotoka wizarani nimepangiwa mimi. Nalazimika kukufahamisha kwamba mkuu wa Kituo cha Juu ndani ya hifadhi hiyo ni shangazi yangu. Ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki, kwa ada za bweni na barua kutoka huko. Naomba kazi hii apewe mwingine.

(Jibu kwa mkono, chini ya karatasi hiyohiyo:)

Nimeona. Nimeliingiza jambo hili kwenye jalada na Katibu ameridhia, kwa hiyo hujaficha kitu. Sikuondoi. Nikikuondoa nitalazimika kumpa mwenzako wa chumba namba 16, na unazijua sentensi zake: mtu anaingia asubuhi anatokea jioni. Kuamua kama sheria ni nzuri au mbaya si kazi ya ofisi hii. Sisi tunahakikisha anayeamua anajua anaamua nini. Mpaka siku ya kuchapishwa, rasimu haitoki nje ya mlango wako. Hata kwa shangazi. Hasa kwa shangazi.

Mwandishi Mkuu


Mjini
17 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili, ile sehemu ya korongo mara tatu.

Kuhusu swali lako, miswada huku haina mwandishi kwa maana unayofikiria wewe. Wizara inaleta inachotaka, ofisi inakiweka katika lugha ya sheria, Bunge linaamua. Aliyeshika kalamu ni kama fundi cherehani, hashauri mtu avae nini. Kwa hiyo hata ukimwandikia barua haitasaidia. Mimi mwenyewe huyo mtu siku hizi simwelewi vizuri.

Ofisini ni kawaida. Dirisha la chumba changu halifungi, nimelibana kwa kitabu cha sheria za bandari ambacho hakuna aliyekiomba tangu nifike. Bi Mkubwa wetu, Mwandishi Mkuu, bado anasoma kila ukurasa kwa rula, mstari kwa mstari, na bado tunamwogopa. Nimepungua kidogo, ni kazi tu.

Tafadhali usiende doria peke yako na magoti hayo.

Mwanao


Kituo cha Juu
3 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenichekesha, halafu imenikera. Tangu lini wewe ukaniandikia "inawekwa," "inaletwa," bila kusema nani? Au mji umekufundisha kusema na mimi kama msemaji wa wizara?

Basi niache nikuambie yangu. Jumamosi kulikuwa na mkutano kijijini, kule chini mpakani. Alikuja mtu wa wizara, shati lake lina kalamu nne mfukoni, na wakati wote sikumwona akiandika hata kwa moja. Akaahidi barabara, akaahidi zahanati. Watu wakapiga makofi. Nikasimama na sare yangu nikasema jamani, ulizeni kwanza maji yatakuwaje, maana kisima chenu na chemchemi zangu ni maji mamoja.

Akainuka Mama Sabuni. Nilishakusimulia habari zake, yule mwenye duka karibu na shule, anayepika sabuni mwenyewe. Akaniambia mbele ya watu wote, "Mkuu, wewe unalinda ndege miaka ishirini na sita. Binti yangu alijifungulia juu ya trekta. Nyinyi wa hifadhi mmetupa nini?"

Mwanangu, Nilikaa chini. Nimerudi kituoni kwa miguu, saa tatu nzima, na njia nzima namheshimu yule mwanamke na kumkasirikia kwa wakati mmoja. Amesema kweli. Na mimi pia nimesema kweli. Sasa hizi kweli mbili nani atazikalisha meza moja?

Huyo fundi cherehani wako, siku ukikutana naye kwenye korido, mwambie nguo anayoshona kuna watu wataivaa.

Shangazi


DOKEZO
Kwa: Mwandishi Mkuu wa Sheria
Kutoka: Chumba namba 14
11 Machi

Mama, afisa wa wizara (yule mwenye kalamu nne mfukoni) amekuja leo na marekebisho. Kifungu cha tatu cha rasimu yangu kinasema: "Waziri anaweza kumpa mtu leseni ya kuchimba mafuta na gesi ndani ya hifadhi." Anataka kisomeke: "Matumizi mengine ya ardhi yanayoendana na maslahi ya taifa yanaweza kuzingatiwa." Kifungu cha tisa, kinachosema mwenye leseni anaweza kutumia maji ya chemchemi bila kuomba ruhusa ya mtu yeyote, anataka kihamie kwenye Jedwali la Nne, baada ya orodha ya ada.

Nilimuuliza, "Maana imebadilika?"

Akasema, "Maana ni ileile. Ila hivi itapita bila kelele."

Nikamwambia kama maana ni ileile basi tuache maneno yanayoeleweka. Akaniuliza, "Nani alikuambia sheria inaandikwa ili kila mtu aelewe?" Sikumjibu, kwa sababu jibu langu lilikuwa wewe.

Nimeambatanisha rasimu zote mbili. Nitafuata utakavyoelekeza, lakini ile ya pili naomba nisiiandike mimi.

(Jibu kwa mkono:)

Nimezisoma zote mbili kwa rula. Ya kwanza nimeielewa nikiwa nimesimama. Ya pili nilikaa, nikavua miwani, nikaivaa tena, bado. Wizara ina haki ya kuomba inachotaka. Haina haki ya kuomba kisijulikane. Nimesaini ya kwanza na nimeipeleka mimi mwenyewe kwa Mpiga Chapa wa Serikali, kwa miguu. Wakikuuliza, sema rasimu ni ya Mwandishi Mkuu. Imebaki miezi michache nistaafu, wanitishe na nini?

Kunywa chai. Uso wako umekuwa kama bahasha tupu.


Kituo cha Juu
30 Machi

Mwanangu,

Kila kituo kimepewa nakala moja ya mswada, na watu wana siku kumi na nne za kutoa maoni. Nikaketi nayo jikoni, miwani puani, tayari kukasirika.

Kifungu cha kwanza nikakasirika. Cha pili nikakasirika. Cha tatu nikaacha kukasirika, nikashika shavu. "Waziri anaweza kumpa mtu leseni ya kuchimba mafuta na gesi ndani ya hifadhi." Nani, anafanya nini, wapi. Nikarudi mwanzo nikasoma upya, safari hii nikisikia sauti ya mtu ninayemjua.

Ulipokuwa shule ya bweni, barua zako zilikuwa na maua mengi na habari haba. Nilizisahihisha kwa kalamu nyekundu nikakurudishia, mpaka mwalimu wako akaniandikia kwamba nakuonea. Unakumbuka nilichokuandikia pembeni kila mara? Nani kafanya nini. Miaka mitatu nilikuandikia hilo. Nimelikuta limechapishwa na nembo ya Bunge.

Kwa hiyo ni wewe. Chai ikapoa mezani. Niseme ukweli, iliniuma. Nilikuuliza ukanijibu habari za fundi cherehani. Halafu nikafikiria ungewezaje kunijibu vingine, na kiapo umekula. Mimi pia nina kiapo. Kuna mambo ya doria sijawahi kukuambia na sitakuambia.

Mwanangu, huu ni mswada mbaya ulioandikwa vizuri kuliko wowote niliowahi kushika. Sikiliza ulichofanya. Jumapili nilishuka nao kijijini. Nikamkabidhi Mama Sabuni, nikamwambia asome yeye, ili nisionekane naongeza chumvi. Akasoma kwa sauti, vifungu vyote ishirini na viwili, hakuna mahali aliposimama kuuliza maana. Alipofika cha tisa akakirudia. Halafu akageuza kurasa, mbele, nyuma, mbele. Watu wakamuuliza anatafuta nini. Akasema, "Natafuta zahanati."

Hakuna, mwanangu. Kama ingekuwemo, ungeiandika.

Wamemchagua yeye aende mbele ya kamati ya Bunge, na mimi nimeitwa kama shahidi wa hifadhi. Tutafika tarehe kumi na tatu. Nakuandikia haraka, Polepole anapiga honi.

Usijilaumu. Nimejivunia mpaka nimeona aibu.

Shangazi


Mjini
1 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mswada umechapishwa, kwa hiyo sasa naruhusiwa kusema. Yule uliyemtafuta ni mimi. Barua ya adabu uliyotaka kumwandikia, ulikuwa unaniandikia mimi.

Niliomba kuondolewa, nikakataliwa kwa sababu nilizoziona za haki. Nikabaki. Kila neno la mswada ule limepita mkononi mwangu, na kila nilipoandika "chemchemi" niliona wewe umesimama kwenye matete. Mahali nisipowahi kufika nilipaandikia leseni. Nilijitahidi kitu kimoja tu, kwamba mtu akiusoma asidanganyike. Sijui kama hilo ni jema au ni kujifariji tu.

Usiponijibu nitaelewa.

Mwanao, kama bado


Mjini
14 Aprili

Shangazi,

Hukunisalimu.

Jana nilikuwa nimesimama kwenye korido ya chumba cha kamati na mafaili mikononi. Ulitokea ngazini na sare iliyopigwa pasi, na Mama Sabuni ubavuni kwako na mkoba wake wa ukili. Nilishafungua mdomo. Ukanipita kama nguzo. Hata macho hukugeuza. Ni haki yako. Barua yangu najua umeipata, na jibu lako nimelipata pale koridoni.

Lakini nilikuwa ndani, safu ya nyuma, kiti cha waandishi, na lazima nikuambie nilichoona, hata kama husomi tena barua zangu.

Mwenyekiti alimuuliza Mama Sabuni, "Mama, mswada umeusoma au umesimuliwa?"

"Nimeusoma mwenyewe mara tatu, Mheshimiwa. Mara ya kwanza nilidhani nimekosea, maana niliuelewa."

Chumba kizima kilicheka. Bi Mkubwa, aliyekuwa pembeni yangu, hakucheka. Aliishika rula yake kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa zawadi hadharani. Halafu yule wa kalamu nne akasimama akasema mswada huu unawaletea wananchi barabara na zahanati. Mama Sabuni akamtazama kwa upole kabisa.

"Kifungu gani, baba?"

"Ni katika mpango mzima wa…"

"Mimi nina vifungu ishirini na viwili hapa. Nionyeshe zahanati, nikae chini, nikaombe radhi nyumbani."

Alifungua mswada. Shangazi, alipekua kweli! Kamati nzima ilimsubiri. Nilisikia karatasi zinavyogeuka. Mbunge mmoja mzee, ambaye sisi tulizoea kumwona amesinzia, alianza kupekua naye, kisha wa pili, kisha wote. Hawakuona, kwa sababu haimo.

Halafu ukaja wewe. Walikuuliza, "Wewe ni mtumishi wa serikali, unapinga mswada wa serikali?" Ukasema, "Sipingi, Mheshimiwa. Nimeitwa kueleza kuna nini, naeleza kuna nini." Ukafungua daftari la doria ukawasomea. Mwaka ambao kisima cha kijiji kilikauka, chemchemi ya juu ilikuwa imeshuka wiki mbili kabla. Mwaka uliofuata, vivyo hivyo. Tarehe, saa, kina cha maji. Hukupandisha sauti hata mara moja. Na walipokuuliza kama una la kuongeza, ukasema, "Ndiyo. Hawa watu wa mpakani wanahitaji zahanati. Miaka yote hii sisi wa hifadhi hatukuwasemea. Hilo ni kosa letu, liandikwe." Na mimi ndiye niliyekuwa naandika. Nimeandika "kosa letu" kwa mwandiko mbaya sana.

Kuna watu wanaosema kweli inayowafaa. Wewe ulisema na ile isiyokufaa. Nilitaka kusimama niwaambie wote yule ni shangazi yangu.

Sikuwa na haki hiyo tena, najua.

Mwanao


Kituo cha Juu
21 Aprili

Mjinga wewe,

Hukupata barua yangu ya mwisho wa Machi? Polepole! Lori lake lilikufa giaboksi siku ileile alipoondoka hapa, likalala gereji wiki tatu na mfuko wa barua chini ya kiti. Leo amekuja na barua zako mbili za Aprili kwa mkupuo, anatabasamu kama bwana harusi. Ile yangu anasema ameitumia posta juzi. Ukiipata utaona mwenyewe nilichoandika, sitarudia, nisije nikakuharibu kwa sifa.

Kwa nini sikukusalimu? Baba wewe, fikiri. Yule wa kalamu nne alikuwa nyuma yetu kwenye ngazi. Ningekukumbatia pale, angeingia ndani akasema mswada uliandikwa waziwazi hivi kwa sababu mwandishi ana shangazi porini. Ushahidi wangu ungekufa, wa Mama Sabuni ungekufa, na wewe ungeandamwa. Mama Sabuni alinifinya mkono, akaninong'oneza, "Yule kijana mwenye mafaili anafanana na wewe masikio." Nikamwambia nyamaza, tembea.

Nilikupita, halafu nikaenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikaja kutoa ushahidi. Umekonda. Kola yako ilikuwa imegeuka upande mmoja. Vidole vilikuwa vinaniwasha kuirekebisha.

Kuhusu lile swali lako, kama ulichofanya ni jema au ni kujifariji. Mimi si wa kujibu hilo. Ila najua wangekuja kuchimba kwa maneno ya kufichaficha, na kijiji kizima kingepiga makofi.

Mwezi wa saba tarehe thelathini na moja nastaafu. Omba likizo uje.

Shangazi yako, bado, na acha upuuzi


Mjini
19 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo! Mswada umeondolewa!

Nakuandikia kabla sijavua viatu. Mswada ulisomwa mara ya pili leo mchana. Serikali ilikuwa na kura za kutosha, ila wabunge wake wenyewe wakaanza kusimama mmoja mmoja na kusoma kifungu cha tatu kwa sauti, kisha cha tisa, na kumuuliza Waziri kama ndivyo kilivyo. Kila mara alilazimika kusema ndivyo. Wa sita alikuwa yule mzee wa kusinzia. Akasema, "Mimi miaka kumi na minne nimepitisha miswada nisiyoielewa. Huu nimeuelewa, na kwa sababu nimeuelewa, siwezi." Ukumbi ulilipuka. Saa kumi Waziri akasimama akaomba kuuondoa.

Usisherehekee kupita kiasi. Kuondolewa si kufutwa, wanaweza kuurudisha mwakani kwa sura nyingine. Na mimi nimehamishwa. Kuanzia Jumatatu niko masijala, chumba cha chini, narekebisha alama za nukta kwenye sheria za zamani. Katibu amesema ni "kupanua uzoefu." Nasikitika, sitakudanganya, kazi ile niliipenda. Lakini nimelala vizuri wiki hii kwa mara ya kwanza tangu Februari.

Likizo nimepata. Nakuja.

Mwanao


Mjini
2 Julai

Kwa Mkuu wa Kituo cha Juu

Bibi,

Hatufahamiani. Mimi nilikuwa Mwandishi Mkuu wa Sheria mpaka juzi. Nilikuona mara moja tu, kwenye kamati, ukimpita kijana wangu koridoni bila kumtazama. Nilijua mara ile wewe ni nani. Mtu asiyemjua mtu humtazama angalau kidogo.

Nimesaini sheria kwa miaka thelathini na mmoja. Waandishi wamepita mikononi mwangu wengi, wenye shahada zaidi ya kijana huyu. Kuandika wazi wakati unapenda jambo, hiyo wengi wanaweza. Yeye aliandika wazi jambo lililokuwa linamuumiza, na hakupunguza wala kuongeza neno ili limwendee vizuri. Nilitafuta kwa rula mahali alipopendelea upande wowote. Sikupata.

Nimejaribu kuzuia uhamisho wake, nimeshindwa. Hilo linaniuma kuliko kustaafu. Na hizi sifa nimeona uambiwe na mtu mwingine asiyekuwa yeye, kwa sababu yeye hatakuambia.

Ukipata nafasi, nieleze ulimfundishaje.

Aliyekuwa Mwandishi Mkuu


Kituo cha Juu
14 Julai

Bi Mkubwa (samahani, ndivyo anavyokuita, nami nimeshindwa kukuita vingine),

Sikumfundisha kitu. Nilikuwa mbali, na barua zilichukua wiki mbili. Mtu akikuandikia "mambo mazuri huku" na wewe una wiki mbili za kujiuliza mambo gani, unachoka, unamwambia sema sawasawa. Ni hivyo tu.

Lakini wewe ulibeba karatasi ile kwa miguu mpaka kwa Mpiga Chapa. Kijana aliniandikia. Huku tuna watu wa kubeba bunduki, na mimi nimebeba pia. Sijui kama ningeweza kubeba ile.

Karibu wakati wowote. Kuna kitanda.

Mkuu wa Kituo, kwa siku kumi na saba zilizobaki


Kijijini, mpakani mwa hifadhi
1 Agosti

Kwa aliyekuwa Mwandishi Mkuu wa Sheria

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kwenye baraza la duka la Mama Sabuni, na sehemu ya karatasi hii ina sabuni. Uvumilie.

Shangazi alinipeleka kwenye chemchemi juzi. Nilikuwa nimejiandaa kukuelezea, hata nilichukua daftari. Tulifika, matete yakafunguka, na sikuandika chochote. Mama Sabuni alikuja nasi. Anaishi hapa tangu azaliwe na hajawahi kupanda kule, kwa sababu hakuna aliyewahi kumkaribisha. Alichuchumaa, akaweka mkono kwenye maji, akakaa hivyo kwa muda. Shangazi akamwambia, "Nilipaswa kukuleta miaka ishirini iliyopita." Yeye akasema, "Ndiyo, ulipaswa," na akaendelea kushika maji. Tulirudi wote watatu, na njiani wao wawili wakaanza kugombana kuhusu sabuni ipi inang'arisha sare.

Jana shangazi alistaafu. Asubuhi alikabidhi funguo, redio na bunduki. Mchana tulishuka hapa, maana watu wa kijiji wameandika ombi lao wenyewe kwa Bunge. Wanataka zahanati, barabara, na sauti kuhusu chemchemi. Waliliandika kabla sijafika. Mama Sabuni alinipa nisahihishe. Nimelisoma kwa rula, Mama, ya kuazima kutoka shuleni. Nilirekebisha tarehe tu.

Walipanga mstari kusaini. Karatasi ina safu tatu: jina, kazi, sahihi. Shangazi alikuwa amekaa pembeni na sare yake, hakuinuka. Wakaanza kumtazama. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Mkuu haji?" Nikataka kueleza kwamba mtumishi wa serikali hawezi kusaini, ndipo nikakumbuka kwamba si mtumishi tena. Nadhani naye ndio kwanza alikuwa anakumbuka.

Akaingia ndani ya duka. Tulisubiri. Alipotoka alikuwa amevaa gauni la Mama Sabuni, la maua, linambana mabegani, na sare ameikunja vizuri mkononi. Hakuna aliyecheka. Mstari ukampisha, yeye akakataa, akaenda kusimama mwisho kabisa.

Ilipofika zamu yake akaandika jina. Kwenye safu ya kazi akasimamisha kalamu. Waliomtangulia walikuwa wameandika mkulima, fundi, mwalimu, muuza sabuni. Mama Sabuni akamchungulia begani, akamwambia, "Andika tu, watu wana njaa."

Akaandika: jirani.

Wako mtiifu,
Aliyekuwa chumba namba 14